Kupeleka utafiti kwenye mkutano wa nadharia ya ugumu wa ukokotoaji

Mwanafunzi, Chake Chake:
Assalamu alaykum. Nimethibitisha kuwa tatizo la kupanga safari za majahazi kati ya Pemba na Unguja, kwa masharti niliyoyaweka, ni NP-kamili, yaani ni miongoni mwa matatizo magumu zaidi kati ya yale ambayo jibu lake, likishatolewa, kompyuta huweza kulihakiki haraka. Je, linafaa kupelekwa kwenye mkutano huu wa nadharia ya ugumu wa ukokotoaji (tawi la sayansi ya kompyuta linalochunguza matatizo ni magumu kiasi gani kwa kompyuta), ulioanza mwaka 1986?

Mwalimu, Unguja:
Waalaykumu salaam, mwanangu. Tangu mwanasayansi wa kompyuta Stephen Cook alipoonyesha tatizo la kwanza la NP-kamili mwaka 1971, matokeo ya aina hiyo yamekuwa mengi mno, kwa hiyo wakaguzi watatafuta upya wa mbinu yako kuliko tatizo lenyewe. Andika uthibitisho wote, hata kama ni kwenye kiambatisho. Kazi nyingi nzuri huanguka kwa kuacha sehemu ya uthibitisho.

Mtafiti, Wete:
Naongezea, ndugu yangu: usiipeleke kazi moja kwenye mikutano miwili kwa wakati mmoja.