Naomba ushauri: nimwoneshe baba filamu hii ya uzee?

Habari zenu wakuu. Mzee wangu ni daktari mstaafu na anapenda sana filamu za zamani. Nataka tuangalie Wild Strawberries, filamu ya Kiswidi ya muongozaji Ingmar Bergman, ya mwaka 1957. Profesa Isak Borg, daktari wa miaka 78, anasafiri kwa gari kutoka Stockholm hadi Lund kupewa heshima ya chuo kikuu kwa kutimiza miaka 50 ya udaktari. Njiani mkwewe Marianne anamwambia usoni kwamba ni mbinafsi.

Kinachonitia wasiwasi ni zile ndoto. Ya kwanza: mtaa mtupu, saa haina mishale, jeneza linaanguka kutoka kwenye gari la farasi, mkono unatoka na kumvuta. Aliyelala ndani ni yeye mwenyewe! Nyingine anafanyishwa mtihani. Anachungulia kwenye hadubini anaona jicho lake tu, kisha mgonjwa aliyesema amekufa anafumbua macho na kucheka. Kwa daktari, hiyo inauma kuliko jeneza.

Na mzee tangu afiwe na mama analala kwa shida.

Ila sitaki kumnyima. Victor Sjöström, muongozaji mkongwe wa filamu za kimya, ameigiza kama profesa huyo kwa uso tu, na mwisho wake ni mpole kweli.

Waliowahi kuiangalia na wazazi, mnanishaurije? Nimdokeze ndoto mapema, au nimwache aingie mwenyewe? Halafu maandishi ya Kiingereza yanampita haraka: niwe nasimamisha, au nimtafsirie papo hapo?