Mtoto mmoja anaumwa akili, nyumba nzima mnaishije? Tupeane uzoefu

Habarini wakuu. Naomba uzoefu wenu, ushauri wa vitabuni ninao mwingi. Kijana wangu ana miaka 16, mwaka jana tuliambiwa ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini vitu ambavyo havipo. Dawa anameza, kliniki tunahudhuria, yeye angalau ana nafuu, shida imehamia kwetu sisi wengine. Juzi mdogo wake wa kike wa miaka 11 kaumwa homa siku tatu nzima, anaenda shule anarudi analala, mimi sina habari mpaka mwalimu kanipigia simu. Namuuliza mbona hukuniambia, ananijibu "nilijua umechoka na kaka". Nililia bafuni nimefungulia maji wasinisikie. Baba yao ndo kabisa, siku hizi ovataimu haziishi. Wenzangu mnaibebaje hii?

Baba wa binti
Pole sana dada. Mimi nilikuwa huyo huyo baba wa ovataimu kwa hiyo usimhukumu haraka, mwanaume akiona kitu nyumbani hawezi kukirekebisha anakimbilia pale anapoweza. Binti yangu ana baipola, ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, ilianza akiwa na 15. Kilichonirudisha nyumbani ni kupewa kazi yangu mwenyewe, usiku na daftari, yaani kumwangalia anavyolala na kuandika. Kwake dalili ya kwanza ni usingizi, akianza kulala masaa matatu na asubuhi yuko freshi anaongea bila kituo, tunajua inapanda, tunampigia daktari kabla haijafika mbali. Halafu anatumia dawa ya lithiamu, ile inataka kupima damu mara kwa mara, kiwango chake, figo, tezi ya shingoni (thairodi), na akiharisha au akitapika sana maji yakapungua mwilini inaweza kugeuka sumu, sio ya kusubiri kesho. Yote hayo naandika mimi. Zamani tulikuwa tunagombana kila siku nani kasahau dozi, sasa hivi hakuna wa kumuuliza zaidi yangu.

Dada mtu
Mi naongea kutoka upande wa huyo wa miaka 11, maana ndo nilikuwa mimi, sasa nina 29. Kaka yangu alipelekwa hospitali siku moja baada ya mimi na yeye kugombana, na kwa kuwa hakuna aliyenieleza kitu, miaka sita nikaamini ni mimi niliyemfanya awe vile. Hapo hapo nahesabu umri, kwamba nikifika 17 na mimi zamu yangu. Mueleze dada, tena utaje ugonjwa kwa jina lake. Mwambie hajasababisha, hauambukizi, na ni kweli ndugu wa damu tuna hatari zaidi ya watu wengine lakini wengi wetu hatuupati. Na tafadhali msimwambie "wewe ndo mtoto usiyetusumbua". Mimi niliambiwa hivyo kwa mapenzi kabisa, nikafunga mdomo mpaka chuo.

Mpita njia
Kaka akipona yote yatakaa sawa, ombeni tu.

Baba wa binti
Maombi tunafanya mkuu. Yeye kauliza la leo.

Mama wa mkubwa
Kwetu sumu ilikuwa kelele. Kijana kalazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila akirudi nyumbani anaharibika upya, mpaka muuguzi mmoja akatuita wote na bibi yake akiwemo. Akatuambia kuna utafiti wa siku nyingi Uingereza, ulianza miaka ya 1950, George Brown na wenzake, waliona wagonjwa wanaorudi kwenye nyumba za kulaumiwa na kuchungwa kila dakika wanarudiwa na ugonjwa zaidi. Nilikasirika nikidhani anasema sisi ndo tumemletea ugonjwa, kumbe sivyo, familia haileti skizofrenia, ila kelele inamrudisha wodini. Sisi tulikuwa tunamwita mvivu, haogi, hatoki kitandani, kumbe kukosa hamu ni ugonjwa wenyewe. Siku hizi akisikia sauti sibishani naye wala sijifanyi nazisikia, nasema "mimi sisikii, ila naona unaogopa, nikae na wewe?" Bibi ndo kachelewa kujifunza lakini sasa anatushinda wote, yule hana haraka.

La mwisho, dawa zote za nyumbani zifungiwe, na huyo mdogo msimgeuze mlinzi wa kaka. Wetu tulimpa kazi moja tu, hali ikichafuka anatoka anaenda kwa jirani tuliyekwisha ongea naye, mengine ni ya wakubwa. Na ukihisi kijana anawaza kujiua muulize wazi, kuuliza hakumpandikizii wazo.

Mleta mada
Nimewasoma wote, nimerudi mara mbili kwa dada mtu. Jana nimemueleza binti, kwa jina kama ulivyosema. Kanisikiliza mpaka mwisho halafu swali lake lilikuwa moja, kama sasa anaruhusiwa kuleta rafiki nyumbani. Mwaka mzima alikuwa anajizuia na mimi nikidhani hana marafiki! Nikamwambia Jumamosi mchana ni wetu wawili, achague pa kwenda, akachagua tusiende popote, tulale kitandani kwangu mlango umefungwa.

Baba yao nilimtumia ile komenti ya usiku na daftari. Kaisoma, hajajibu kitu. Ila leo karudi mapema, kaniuliza zile karatasi za kliniki huwa naweka wapi.