Mwanangu anaonewa shuleni na njiani, naombeni ushauri kabla sijamhamisha

MamaWanne

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie. Mwanangu wa tatu yuko darasa la sita, shule ya serikali hapa Dar. Ana kigugumizi tangu aanze kuongea. Jumamosi nafua nguo zake, nikaona vifungo vitatu vya shati vimeshonwa kwa uzi mweusi. Mimi nyumbani sina uzi mweusi. Nilipomuuliza akasema aliomba kwa fundi cherehani wa jirani, akashona mwenyewe ili nisijue. Mgongoni kulikuwa na maandishi ya kalamu. Kayasugua kwa sabuni mpaka kitambaa kimechujuka, lakini bado yanasomeka: BUBU.

Kumbe tangu shule zifunguliwe kuna vijana watatu wa darasa la saba wanamsubiri kituoni. Wanamnyang'anya mia mbili yake ya nauli, anarudi kwa miguu. Wanamwambia ataje jina lake haraka haraka, na kila akikwama ni kofi. Wenzake wa darasani wanasimama wanaangalia, wengine wanacheka. Hapo ndipo nililia.

Baba yake anasema ajifunze kupigana. Mimi nataka kumhamisha. Mtoto mwenyewe ananiomba nisiende shuleni, anasema "watanimaliza". Nifanyeje jamani?

Mzee wa Pugu

Pole sana mwanangu. Ukimhamisha, kigugumizi anahama nacho, na huko aendako nako kuna watoto. Na huyo baba mwambie taratibu: mmoja hawezi watatu, na siku akimuumiza mtoto wa mtu yeye ndiye atakayeitwa mkosaji.

Mimi nilikuwa njuka, yaani mwanafunzi mgeni, shule ya bweni miaka ya themanini. Tulifulishwa nguo za kidato cha nne, tukachoteshwa maji usiku. Tulipopanda juu tukawafanyia hivyo hivyo waliotufuata, wala hakuna aliyetutuma. Yupo mmoja niliyemtesa, nikimwona msibani mpaka leo nashindwa kumtazama usoni.

Mwl Chaki

Dada, nafundisha msingi mwaka wa 14 sasa. Nenda shuleni, ila si asubuhi wakati wa mstari ambapo kila mtu anakuona. Nenda wakati wa vipindi, muulizie mwalimu wa malezi, mkae faragha. Beba hilo shati. Andika kwenye daftari siku, mahali, na nani alikuwepo, kwa sababu malalamiko ya jumla jumla huishia kwenye "tutafuatilia".

Wakitaka kuwapatanisha kwa kushikana mikono mbele ya shule nzima, kataa. Nimeyaona hayo. Asubuhi wanashikana mikono, saa nane mchana mtoto analipia kituoni. Wala usiombe wachapwe. Ukimchapa mwonevu umemthibitishia anachokiamini, kwamba mwenye nguvu ndiye anayempiga asiye nazo.

Na hao waliosimama kuangalia ndio wa kufanya nao kazi. Finland wana mpango unaoitwa KiVa, ulianzia Chuo Kikuu cha Turku, na umejengwa juu ya jambo hilo: mwonevu anacheza mbele ya watazamaji, watazamaji wakimgeuka nguvu zinamwisha. Mimi sina vitabu vyao. Nilichofanya darasani kwangu ni kuwaita watoto wanne ambao wenzao huwasikiliza (siyo wanaoongoza mitihani, hao mara nyingi hawasikilizwi na mtu), nikawaomba watoke na mwenzao kila siku mpaka kituoni. Sikuwahubiria. Wiki ya pili wakawa wanatembea naye bila kukumbushwa.

Mama Salma

Naandika hili kwa aibu. Mimi ni mama wa upande wa pili. Mwanangu ndiye alikuwa anaonea. Aliyeniambia ni mama anayeuza maandazi getini, akanivuta pembeni: "Mwenzangu, mwanao anawanyang'anya watoto hela." Nilimkasirikia siku mbili nzima. Baadaye nikakaa na mwanangu, kumbe mjomba wake tuliyekuwa tunaishi naye alikuwa akimpiga nikienda kazini. Isingekuwa yule mama, nisingejua lolote, si la watoto wa wenzangu wala la wangu. Watafute wazazi wa hao vijana, dada, uende na mtu mzima wa busara. Usiende kupayuka.

Deiwaka wa Kituoni

Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kinatazamana na shule. Tunaona kila kitu na tunanyamaza, tunasema ni michezo ya watoto. Mwaka jana mwenyekiti wa mtaa alikuja kijiweni, akatuambia Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa akatoe taarifa serikali za mitaa. Sisi hatukujua. Tangu hapo watoto wakitoka, mmoja wetu anakaa upande wa kituo mpaka wapande. Kaongee na mwenyekiti wako na makonda wa ruti hiyo. Shule ikikuzungusha, yupo afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya watoto ni bure.

MamaWanne

Nimerudi, asanteni sana wote. Leo nimekwenda shuleni na shati kwenye mfuko. Mwalimu wa malezi alilishika muda mrefu bila kusema kitu. Tumekubaliana hakuna kuitwa mbele ya mstari, na mwalimu wa zamu atasimama kituoni wiki hii yote. Wazazi wa wale vijana wanaitwa Alhamisi, mmoja mmoja, nami nitakuwepo.

Wakati wa kutoka nikamsalimia muuza mihogo wa getini. Alikuwa anajua yote, hata jina la mwanangu. Ameahidi kumwita akae kibandani kwake mpaka gari lije. Baba yake naye kakubali kwenda kwa mwenyekiti jioni.

Vifungo nilitaka kuvifumua nivishone upya. Mtoto amekataa, anasema amevishona vizuri.

Mwenye kumjua mtaalamu wa kigugumizi hapa Dar, wa gharama tunazoweza kumudu, naomba aniandikie.