FIFA 19 ya PS3, ya PS4 au ya Switch: ipi inafaa banda la gemu Mwanga, Kigoma?

Kijana_wa_Mwanga

Habari za jioni wakuu. Nimepata fremu hapa Mwanga, nataka kufungua banda la gemu, hasa gemu la mpira la FIFA 19. Wateja ninaowategemea ni vijana wa bodaboda, wanafunzi wakati wa likizo, na wavuvi wa Kibirizi na Katonga siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkali dagaa hawafuati taa na mitumbwi inakaa ufukweni.

Mtaji wangu unatosha PlayStation 3 (PS3) tatu zilizotumika au PS4 moja pamoja na TV yake. Muuzaji wa PS3 anasema nisihangaike, FIFA 19 ni FIFA 19, jina kwenye kasha ni lilelile. Kuna mwingine ana Nintendo Switch yenye FIFA 19 hiyohiyo. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozicheza zote. Hela hii ni ya jasho, sitaki kuiweka mahali pabaya.

Fundi_Pedi_Ujiji

Mdogo wangu, muuzaji anakuuzia jina. Soma kasha la PS3 vizuri, utakuta maneno Legacy Edition. FIFA 19 ilitoka Septemba 2018, na waliotengeneza walisema wazi kabla haijatoka kwamba toleo la PS3 na Xbox 360 litakuwa na jezi mpya na wachezaji waliohamishwa tu, mengine yote ni yale ya FIFA 18 ya mashine hizo. Na FIFA 18 yenyewe ya PS3 ilikuwa vilevile, Legacy Edition. Kwa hiyo ukimweka Ronaldo uwanjani na jezi ya Juventus utaona ni msimu mpya, lakini miguu yake inatembea kizamani.

Njia ziliachana 2016. FIFA 17 ya PS4, Xbox One na kompyuta ilihamia injini ya Frostbite (injini ni programu inayoendesha picha na mwendo wa mchezo), PS3 ikabaki na injini ya zamani. Hapo ndipo PS3 ilipokosa na hadithi ya Alex Hunter, ile The Journey, ingawa kwa banda hiyo haikuhusu sana: hakuna mteja atakayelipa aangalie mazungumzo ya chumba cha kubadilishia nguo huku mwenzake anasubiri foleni.

Kinachokuhusu ni haya. Kwenye PS4, FIFA 19 ina namna mpya ya kupiga shuti: unabonyeza kitufe mara mbili, mara ya pili ikiwa pale mguu unapogusa mpira. Ukiwahi au ukichelewa, mpira unakwenda jukwaani. Ukipatia, kipa hana lake. Vijana wanaojifunza hiyo huwa hawataki tena kurudi PS3, na asiyeitaka anaizima kwenye mipangilio ya pedi yake. Kuna na mbinu za timu unazozipanga kabla, kisha unazibadili katikati ya mechi bila kusimamisha mchezo. Na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya imo, na wimbo wake na nembo zake, kwa sababu mwaka huo leseni ilitoka Konami, watengenezaji wa PES, gemu pinzani la mpira, ikaenda EA waliotengeneza FIFA. Hayo yote kwenye PS3 hayapo.

Na kama mtapenda kujua, Genk ya Samatta imo, ya msimu ule waliochukua ubingwa wa Ubelgiji. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuiheshimu FIFA 19.

Mtoto_wa_Bangwe

Mimi nabaki na PS3. Fundi kaongea kweli tupu, ila banda ni biashara. PS3 tatu ni TV tatu, watu sita wanacheza kwa wakati mmoja. PS4 moja ni watu wawili na kumi wanakutolea macho mlangoni. Vijana wakishazoea pedi hawaulizi injini, wanauliza zamu.

Dada_wa_Isevya

Niko Tabora, banda letu tunaliendesha mimi na kaka yangu, PS3 na PS4 zote tunazo. Kaka wa Bangwe, hesabu ya zamu ni sahihi, lakini kuna kitu kwenye FIFA 19 ya PS4 kinabadilisha hesabu hiyo.

Fungua mechi ya kirafiki, utakuta sehemu ya kuweka sheria zako. Kuna ya kupona: ukifunga goli, mchezaji wako mmoja anatolewa, kwa hiyo anayeongoza anabaki na watu wachache na anayefungwa anapata nafasi ya kurudi. Kuna ya kuhesabu magoli ya kichwa na mpira wa hewani. Kuna ya kuhesabu mara mbili goli la kutoka nje ya boksi. Kuna isiyo na faulo, kadi wala ofsaidi. Na kuna ya kufikisha idadi fulani ya magoli, anayewahi ndiye mshindi, mechi imeisha.

Hii ya mwisho ndiyo imetusaidia. Tunaweka anayewahi magoli mawili, mechi zinakuwa fupi, foleni inasogea, na hakuna anayelalamika kwamba amepewa dakika chache, kwa sababu sheria aliijua kabla hajashika pedi. PS4 yetu moja inashinda PS3 zetu kwa kuingiza wateja, na ile ya kupona ndiyo inayojaza watu mlangoni, maana hata anayeongoza tatu bila hana amani. Mashine inatunza pia rekodi ya mechi kati ya majina mawili, kwa hiyo fulani na fulani wanajua nani kamfunga nani mara nyingi zaidi. Watu wanarudi kesho yake kusawazisha.

 Kama huna intaneti, wachezaji watakuwa wale wa siku diski ilipotengenezwa, na mechi ya watu wawili inachezeka bila bando.

Mzee_wa_Gungu

Wanangu, mmeiruka PS2. Mimi kijiwe changu kilikula maisha kwa PES ya PS2, na hadi leo kuna watu wanaitaka.

Fundi_Pedi_Ujiji

Shikamoo mzee. PS2 tunaiheshimu, ilipata mpira mpya hadi mwishoni mwa 2013, FIFA 14 na PES 2014, wakati PS4 yenyewe inaingia madukani. Lakini baada ya hapo hakuna kilichotoka rasmi. Kijana anayemtaka Mbappé hatamkuta humo.

Kasulu_Mjini

Niseme kuhusu Switch, maana ninayo. FIFA 19 yake ni ndugu wa tatu, si ya PS4 wala ya PS3. Haina Frostbite, haina The Journey, lakini Ligi ya Mabingwa imo na mchezo unakwenda laini. Ukiiweka kwenye kizimba chake (dock) kilichounganishwa na TV unapata picha ya 1080p, ukiishika mkononi ni 720p. Umeme ukikatika unaendelea na betri, hilo nalipenda sana.

Shida ni pedi. Zile mbili ndogo za pembeni kila mmoja wenu anaweza kushika moja, lakini moja ikiwa peke yake ina fimbo moja tu na vitufe vichache. Chenga nyingi zinazotumia fimbo ya kulia huwezi kuzipiga. Kwa mtu na mdogo wake nyumbani inatosha. Kwa banda lenye mikono mikubwa ya wavuta nyavu, itakuumiza kichwa. Toleo la Switch lilipata Frostbite 2023 tu, jina likiwa limeshabadilika kuwa EA Sports FC 24.

Kijana_wa_Mwanga

Asanteni sana, dada wa Isevya umenifungua macho. Naomba kuuliza umeme, maana Luku ndiyo itakayoamua kama nitalipa kodi ya fremu.

Fundi_Pedi_Ujiji

PS3 nene za mwanzo zilikula karibu wati 200 zikiwa kwenye mchezo, na zikichoka zinawasha taa ya njano na kuzima. Hizo nimezitengeneza nyingi na sipendi kumuuzia mtu. Ukichukua PS3, chukua nyembamba ya mwisho, ya 2012, haifiki wati 100. PS4 Slim iliyotoka 2016 iko karibu na hapo. PS5 inarudi kwenye karibu wati 200, na faida yake ni kwenye matoleo ya baadaye, si FIFA 19. Kwa mfano FIFA 23: timu za klabu za wanawake zimo kwenye PS5 lakini hazimo kwenye PS4, na mtu wa PS4 hakuweza kukutana mtandaoni na mtu wa PS5.

Yoyote utakayochukua, iwekee kifaa cha kuhifadhi umeme hata kama ni kidogo. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika kumbukumbu, ligi yako yote inaweza kupotea.

Shabiki_wa_Mashujaa

Mmezungumzia FIFA tu. Kwa Kigoma mimi ningeweka PES 2021 ya PS4 kando ya hiyo FIFA 19. Ni kweli Chelsea na Liverpool hazina majina yao rasmi humo, Arsenal na Manchester United zinayo. Lakini PES ya PS4 inakuruhusu kuingiza picha za jezi na nembo kwa flashi, kitu ambacho toleo la Xbox One halina. Maana yake unaweza kuwaweka Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, na jezi yao, ukawaweka TRA United (zamani Tabora United), Simba na Yanga, mkacheza ligi ya nyumbani. Siku Mashujaa wanacheza uwanja wa Lake Tanganyika, banda lako nalo linacheza mechi hiyohiyo. FIFA hairuhusu hilo kwenye mashine yoyote ya sebuleni.

Mtoto_wa_Bangwe

Hapo umenigusa. Kama Mashujaa wanaingia, nitakuja mwenyewe.

Kijana_wa_Mwanga

Nimeamua: PS4 Slim moja, FIFA 19 na PES 2021, sheria ya magoli mawili kwenye foleni. PS3 nyembamba nitaongeza moja faida ikianza kuonekana. Mkuu Shabiki, hizo jezi naziingizaje? Nina flashi tupu.

Shabiki_wa_Mashujaa

Iformati kwanza iwe FAT32 au exFAT. Tengeneza folda moja, iite WEPES kwa herufi kubwa, picha zako zote ziingie humo ndani, zisikae nje yake. Chomeka kwenye PS4, ingia sehemu ya kuhariri, tafuta pa kuingiza picha, utaziona. Anza na nembo, jezi ya nyumbani ifuate, ya ugenini baadaye. Majina ya wachezaji utayaandika kwa mkono. Nitumie ujumbe nikupe orodha ya kikosi.