Gugu karoti limemeza kipande changu cha ng'ombe Kisongo, mbona magugu mengine hayafanyi hivi?

MamaKisongo
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina heka moja na nusu huku Kisongo, kubwa ni mahindi na maharage, pembeni nimeacha kipande ng'ombe wangu wawili wanachungia. Miaka mitatu nyuma niliona gugu karoti mashina machache tu pale getini nikalipita. Mwaka huu kipande chote cha ng'ombe ni maua meupe, ukisimama mbali utadhani mtu kamwaga mchele. Nimeng'oa siku mbili kwa mikono mitupu, ikavimba ikawasha mpaka kwenye viwiko. Ng'ombe wenyewe hawalitaki, ila nyasi zikiisha wanalitafuna hivyo hivyo na maziwa yanakuwa machungu, mteja kanirudishia lita tatu. Dawa za kupiga nimeshaambiwa nyingi, leo nataka kuelewa. Mnafu na kongwa viko shambani kwangu tangu naolewa havijawahi kunifukuza, hili lina nini? Mwanangu wa form four anasema ni mambo ya ikolojia lakini maelezo yake hayajaniingia.

Mwl_Baiolojia
Pole sana mama, na kijana yuko sahihi kabisa, ikolojia ni namna viumbe vinavyohusiana vyenyewe kwa vyenyewe na mazingira yao. Kesho asubuhi fanya hivi, chuma jani la mnafu uliangalie, utakuta limetobolewa na wadudu, na wewe mwenyewe unachuma mboga. Kongwa ng'ombe wanakula. Halafu chukua jani la gugu karoti, zima, halina hata tundu. Hili limetoka Amerika, upande wa Mexico, limekuja bila wadudu na magonjwa yanayolishambulia kwao. Wenyewe tunasema limeacha maadui wake wa asili nyuma. (Na wala si ndugu wa karoti, ni majani tu yamefanana, ukoo wake ni mmoja na alizeti.)

Sasa weka hesabu. Shina moja linaweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi. Tuseme katika kila mia inapona moja tu, hapo una mashina 150. Hayo nayo yakizaa hivyo hivyo unapata 22,500, awamu inayofuata umepita milioni tatu. Na halingoji mwaka, wiki nne mpaka sita tangu liote linaanza kutoa maua mvua ikiwepo. Ndo maana miaka miwili ya kwanza uliona machache ukajua ni ya kawaida, ongezeko la namna hii mwanzoni halionekani kabisa.

Ila mama kuna kitu umekiandika mwenyewe na ndo jibu lenyewe, limejaa kwenye kipande cha ng'ombe, si kwenye mahindi. Mimea inagombania mwanga, maji na mbolea ya udongo, na nyasi zikiwa zimeshonana gugu karoti linapata shida sana kuota. Ng'ombe wako wanakula nyasi na kuliacha lenyewe, kwa hiyo kila siku wanalipunguzia washindani, likishapata nafasi linatoa kemikali zinazodumaza mimea ya jirani.

Kibosho_Juu
Naunga mkono hiyo ya nafasi. Sisi kihambani, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba na kahawa hulioni, kivuli kizito, juu kuna miti ya mringaringa, chini tunatandaza majani ya migomba, mbegu ikianguka haipati jua. Ng'ombe wako bandani wanakatiwa majani. Lakini shuka kwenye mashamba yetu ya tambarare, udongo uko wazi baada ya kuvuna, limejaa mpaka barabarani. Na kihambani lilishawahi kuota mara moja tu, pembeni ya banda, lilikuja kwenye mzigo wa majani ya ng'ombe tuliotoa huko tambarare, mama akaling'oa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo angalieni na majani mnayonunua.

Dereva_wa_Pori
Mimi napeleka wageni Serengeti na hii hesabu ya mwalimu ndo ya nyumbu kabisa. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikaua ng'ombe na nyumbu vibaya sana. Baadaye ng'ombe wa jirani na hifadhi wakachanjwa, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu, wakatoka kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpaka milioni 1.3 mwaka 1977. Unaondoa adui mmoja tu! Lakini walifika hapo wakasimama maana nyasi za kiangazi haziwatoshi wote, wanaozidi wanakufa njaa. Na kwa kuwa wanakula nyasi nyingi, moto wa porini ulipungua, miti ikaongezeka. Kitu kimoja kinavuta kingine.

MamaKisongo
Asanteni jamani, hapo kwa ng'ombe ndo nimeelewa, nilikuwa nafikiri wananisaidia. Sasa kama lina maadui huko kwao si waletwe?

Mwl_Baiolojia
Wapo, kuna mende mdogo wa Mexico anakula majani yake, Australia na India walimwachilia mashambani miaka ya 1980. Lakini si jambo la mtu kuagiza mwenyewe mama, lazima apimwe kwanza kama hatageukia mazao, na kumbuka nimesema hili gugu ni ukoo mmoja na alizeti. Kawaulize TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, hiyo ndo kazi yao.

Wewe gawa kile kipande kwa uzio, nusu moja ng'ombe wasiingie msimu mzima nyasi zijifunge, kisha uhamishe. Ng'oa udongo ukiwa na unyevu, na shina zima na mzizi, kabla halijatoa maua, vaa glovsi na mikono mirefu, watoto wenye pumu wakae mbali siku hiyo. Lililokwisha toa maua usilitupe kwenye lundo la mbolea utalirudisha shambani. Anzia pale getini na njia ya trekta, matairi yenye tope ndo yanaleta mbegu. Na mwakani likiota tena usikate tamaa, mbegu zikifukiwa zinakaa hai miaka kadhaa, hizo zitakuwa za mwaka huu.