Nane Nane Themi: michezo gani ya familia inafaa kwenye kona ndogo?

Tengeru_Shambani:
Habari za leo wadau. Kikundi chetu kimepewa kona viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, kwa ajili ya Nane Nane. Ni kama mita 40 kwa 15, nusu nyasi, nusu vumbi. Tunataka michezo ambayo mzazi na mtoto watashiriki pamoja, na ifanane na kilimo na mifugo. Hadi sasa tuna kuvuta kamba, mbio za magunia, kukamua ng'ombe na kukimbiza kuku. Vifaa gani, sheria gani, na wapi huwa panaharibika? Bajeti ni ya kuungaunga.

kihamba_juu:
Mkuu, kukamua ng'ombe halisi futa kabisa. Spika zinapiga kelele, watu wamejaa, mikono ni migeni: ng'ombe akishtuka, adrenalini inazuia homoni inayoshusha maziwa. Mtakamua mpaka jua lizame mpate vijiko viwili, na teke juu yake.

Tengenezeni kiwele cha bandia. Chukua glavu ya mpira, kile kidole gumba kifunge kwa raba bendi, vinabaki vidole vinne, yaani chuchu nne. Toboa ncha ya kila kimoja mara moja kwa sindano ya kushonea. Jaza maji nusu, funga mdomo wa glavu, ining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya vigingi viwili, usawa wa kiuno cha mtoto. Maji yakidondoka yenyewe kabla hujakamua, tundu ni kubwa, tupa hiyo chukua nyingine. Msitie unga ili yafanane na maziwa, unaziba matundu.

Wafundisheni kubana juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu vidole vingine vifuate kimoja kimoja kuelekea chini. Anayevuta badala ya kubana huchana glavu, na wengi watavuta, kwa hiyo nunueni boksi zima. Sekunde 60, jagi lenye vipimo, mwenye mililita nyingi ndiye mshindi. Hapo ubishi hakuna.

Mringa_Fundi:
Naongezea kuhusu kamba, maana hapo ndipo watu huumia. Kamba ya mashindano ya kimataifa ina mzunguko wa sentimita 10 hadi 12.5 na urefu usiopungua mita 33.5, timu watu 8. Kwa uwanja wenu itabana. Mita 25 na watu 6 kila upande inatosha. Nailoni nyembamba ya kufungia mizigo msiiguse: hutanuka, ikikatika inarudi kama mjeledi. Sheria ya kwanza kabla ya filimbi: hakuna kuzungusha kamba mkononi wala kiunoni, hakuna mafundo ya kushikia. Vidole hukatika hivyo, sitanii. Funga kitambaa katikati, na alama nyingine mita 2 kila upande; upande wa mashindano makubwa ni mita 4 lakini hapo kuna watoto. Na msigawe timu kwa vichwa, gaweni kwa kilo. Mizani ya kupimia magunia si mtakuwa nayo? Vuteni upande wa nyasi, kwenye vumbi wote watateleza.

Magunia: ya katani, siyo ya salfeti, maana salfeti huteleza hata kwenye nyasi. Yaliyowahi kubeba mbolea au dawa yasiingie uwanjani hata kama yamefuliwa. Mita 15 zinatosha.

Mama_Mshare:
Na kuku mwacheni jamani. Kuku hatoki jasho, anajipoza zaidi kwa kuhema. Umkimbize juani na watoto 30 nyuma yake, akikamatwa bawa limevunjika.

Wekeni kumenya ndizi, tena mshare, za mtori. Kila familia vidole 10: mzazi anamenya, mtoto anaziweka kwenye beseni la maji zisiwe nyeusi. Watoto wasishike kisu. Wapake mafuta ya kula mikononi kwanza, vinginevyo utomvu utawashika na khanga zitaharibika. Msihukumu kwa mwendo peke yake! Pimeni ndizi kabla ya kumenya na baada. Kijana atamaliza kwanza akiwa ametupa nyama yote na ganda, bibi atafuata taratibu na kumshinda kwa gramu.

Tengeru_Shambani:
Asanteni sana. Kuku tumeondoa. Ila bado tunataka mnyama mmoja hai, watoto wamwone. Tumfanyie nini?

kihamba_juu:
Kukisia uzito wa ng'ombe. Mtu anaandika jina na kilo kwenye karatasi, anaitumbukiza kwenye debe. Mpeni kila mtu nafasi ya kukokotoa: mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, zidisha wenyewe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, gawanya kwa 10,840. Vipimo ni sentimita, jibu ni kilo. Kifua 165, urefu 140, unapata kama 352. Futi ya fundi cherehani huishia 150, kwa ng'ombe mkubwa haifiki. Zungusha uzi kisha pima uzi. Asimame miguu sawa, kichwa kisiinuke, la sivyo kipimo kinadanganya. Jibu la ushindi lakini litoke kwenye mizani, siyo kwenye hesabu.

Kama mizani ya ng'ombe haipo, tumieni beberu, hesabu ni ile ile.

Mama_Mshare:
Na ndoo yenye koki pamoja na sabuni iwe pale pale anapotokea mtoto aliyemshika mnyama, kabla hajafika kwa muuza mihogo. Vitakasa mikono havisaidii mkono wenye kinyesi. Zawadi msitoe vifaranga: wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na Agosti ya Arusha mnaijua asubuhi yake.

Mringa_Fundi:
Miche nayo hapana, labda mwenye maji nyumbani. Mvua bado. Toeni mbegu za mchicha na sukuma wiki, pakiti ndogo ndogo.