Paa la mabati Malindi: niache hewa ipite darini au nizibe kabisa?

MwanaMuyeye: Wanajamvi, salaam. Nyumba yangu iko Muyeye, mabati yashaezekwa, silingi bodi bado. Kaskazi ikianza, mchana ndani hakukaliki. Fundi mmoja asema tutandaze foili chini ya mabati, tuache matundu ukingoni mwa paa na mengine kileleni, joto lijitokee lenyewe. Mwengine ataka kupuliza povu la kuzuia joto, lile linaloganda, chini ya bati lote na kuziba kila upenyo. Kipi bora? Usingizi siupati.

BintiMambrui: Ezeka makuti, ulale.

FundiMapaa: Makuti, na jirani achoma taka? Foili ni nzuri ila isibanwe na bati. Iachiwe nafasi ya hewa kama sentimita 2.5, upande unaong'aa utazame chini usishike vumbi. Ikigusana na bati, joto lapita moja kwa moja. Matundu yatiwe wavu, la sivyo popo watahamia.

MzeeWaLangoni: Hapo kwa popo nina kisa. Kwa shangazi yangu Lamu, siku ya hitima, silingi iliyooza kwa mavi ya popo iliporomoka juu ya sinia la pilau. Maalim hakunyanyua hata kichwa, alimalizia dua. Wazee walijenga dari za boriti na mawe, hakuna aliyesikia habari za povu.

FundiMapaa: Mwenye uzi, utaweka kiyoyozi?

MwanaMuyeye: Kiyoyozi chahusu nini na paa?

FundiMapaa: Chahusu sana. Jibu.

MwanaMuyeye: Vyumba viwili, vya kukodisha wageni. Na huyu wa povu nishamtangulizia nusu ya pesa. Lakini kazi yake Watamu nimeiona kwa macho yangu, safi kabisa.

FundiMapaa: Ungeanza na hilo! Hewa ya pwani ina unyevu. Ikiingia darini ikakuta silingi baridi, silingi yatoa jasho, kisha ukungu mweusi. Bila kiyoyozi ningekwambia matundu, bila kusita. Kwa vyumba vyako povu lina hoja, ila dari yote izibwe. Ukiacha mwanya ukingoni, unyevu waingia na baridi yako yatoka. Na misumari ikaguliwe kwanza. Pakivuja, povu laficha, bati laliwa na kutu huoni.

NgalaMoja: Jamani, amejiunga leo, uzi wake wa kwanza, na mwisho povu ndilo lashinda? Huyu ni muuza povu. Wasimamizi, fungeni.

MwanaMuyeye: Wallahi siuzi chochote! Muuzaji gani aombaye ushauri?

NgalaMoja: Tuma picha ya paa basi.

MwanaMuyeye: Kesho. Fundi amefunga geti.

BintiMambrui: Geti lako mwenyewe?

MwanaMuyeye: Mashine yake iko ndani, alianza chumba kimoja jana. Funguo anazo yeye mpaka nimalize nusu iliyobaki.